Maandamano na serikali tuliyoichagua wenyewe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu Juni 2024, vijana wa Kenya walipoingia barabarani kuupinga Mswada wa Fedha na kodi zake mpya, nimeketi katika vikao vingi vya mtaani hapa Nairobi: kwenye kumbi za makanisa, nyuma ya vibanda vya simu, hata kwenye matanga. Maswali huwa ni yaleyale. Yanaulizwa na vijana waliokuwa barabarani, na wazazi wao, na wafanyabiashara waliofunga maduka, na siku moja na askari aliyekuwa nje ya zamu. Nimeyaandika hapa na majibu ninayoyatoa. Mimi naamini katika haki ya kuandamana na sitajifanya kuwa katikati, lakini maswali magumu sijayakwepa.

Tulipiga kura 2022. Tuna Rais, tuna wabunge, tuna maseneta. Kwa nini tuandamane tena?

Kwa sababu kura huchagua watu, haiidhinishi kila watakalofanya kwa miaka mitano. Ulipopanga foleni alfajiri tarehe 9 Agosti 2022, hukuulizwa kama mkate utozwe VAT ya asilimia 16. Swali hilo lilikuja karibu miaka miwili baadaye, na aliyeulizwa hakuwa wewe.

Ibara ya 1 ya Katiba inasema mamlaka yote kuu ni ya wananchi, nao wanaweza kuyatumia moja kwa moja au kupitia wawakilishi waliowachagua. Wengi husoma sehemu ya wawakilishi wakaishia hapo. Hayo maneno "moja kwa moja" nayo yaliwekwa kwa makusudi, na watu waliokuwa wamepigwa virungu.

Rais William Ruto alipata zaidi ya kura milioni 7.1. Nyinyi elfu kadhaa mnapata wapi uwezo wa kumpinga?

Hili ndilo swali ninaloliheshimu kuliko yote, na mara nyingi vijana hulijibu kwa hasira badala ya hoja.

Ni kweli kwamba umati si taifa. Waliojaa Moi Avenue hawakuchaguliwa na mtu. Mama wa Wajir anayetafuta maji hakuwa pale, wala mvuvi wa Lamu, na hakuna aliyewatuma wengine wamsemee. Ukikubali kwamba watu wakijaa barabarani basi sheria inafutika, utafika siku ambapo wenye chuki nao watajaa barabara hiyohiyo wakidai haki za jirani yako zifutwe.

Kwa hiyo sisemi waandamanaji wana mamlaka ya kutunga sheria. Hawana. Walicho nacho ni sauti, na sauti hiyo inamlazimisha aliyechaguliwa kufikiri upya akiwa bado na muda. Mwaka 2024 aliyeuondoa Mswada wa Fedha si umati, ni Rais, kwa kalamu yake, akitumia mamlaka aliyopewa na Katiba ya kukataa kutia sahihi. Umati ulifanya kazi moja tu: ulifanya kule kutosikiliza kuwe kugumu kuliko kusikiliza.

Tena maandamano yale hayakuwa ya waliomnyima kura peke yao. Eldoret waliandamana, Nyeri waliandamana, Nanyuki waliandamana. Hizo ni sehemu zilizompa kura kwa magunia.

Haki ya kuandamana imeandikwa wapi hasa?

Ibara ya 37. Kila mtu ana haki ya kukusanyika, kuandamana, kusimama kwa mgomo nje ya mahali panapolalamikiwa na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka za umma, kwa amani na bila silaha. Soma pia Ibara ya 33 kuhusu uhuru wa kujieleza na ya 24 inayoeleza jinsi haki inavyoweza kuwekewa mipaka. Mipaka hiyo lazima iwe ya kisheria na ya kiasi. "Wakubwa wamesema hapana" si sheria.

Je, lazima nipate kibali cha polisi?

Hapana. Hiki ndicho kitu kimoja ningependa kila mtu akijue hata akisahau mengine yote. Sheria ya Utulivu wa Umma, kifungu cha 5, inakutaka utoe ilani, si kuomba ruhusa. Ilani inapelekwa kwa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi cha eneo lenu, si chini ya siku tatu kabla na si zaidi ya siku kumi na nne. Inataja jina la mwandalizi na anwani yake, tarehe, saa (kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni) na mahali pa mkutano au njia mtakayopita. OCS anaweza kuwaambia haiwezekani ikiwa kuna watu wengine waliotangulia kutoa ilani ya mahali palepale, saa ileile. Akisema hivyo, mnachagua siku nyingine.

Kwa maandishi ni rahisi. Kaunta ya kituo ni jambo jingine. Niliwahi kufuatana na wasichana wawili wa mtaa wetu kupeleka ilani ya matembezi kuhusu maji taka yaliyokuwa yakipita mlangoni pa shule. Ilikuwa Alhamisi, matembezi yalipangwa Jumanne. Askari wa kaunta aliisoma karatasi mara mbili, akauliza, "Nani amewaruhusu?" Mmoja wa wasichana akamjibu kwa upole, "Afande, hatuombi ruhusa, tunaleta ilani." Akatutazama kama tumemtukana. Akasema mkubwa hayupo, turudi Jumatatu. Muhuri ulikuwa pale mezani, juu ya kidau cha wino, hatua moja kutoka mkono wake.

Tungerudi Jumatatu, siku tatu zingekuwa zimepita na matembezi yetu yangeitwa haramu. Hivyo ndivyo haki inavyonyimwa bila mtu kusema "hapana".

Tulichofanya ni hiki, na ninakupa kama ushauri. Tulikuwa na nakala mbili. Tuliomba jina na nambari ya askari, tukaandika nyuma ya nakala yetu siku na saa tuliyofika, tukaipiga picha ilani ikiwa juu ya kaunta, kisha tukaituma pia kwa baruapepe ya kituo na kwa mkubwa wake wa kaunti ndogo. Kesho yake tulirudi. Muhuri ukapigwa. Wasichana wale walitembea kutoka pale wakiishika karatasi kwa mikono miwili, kama cheti cha mtihani.

Sheria hii ya ilani ilitoka wapi?

Ilitoka kwa mkoloni. Ilianza kutumika Juni 1950, na ililetwa kudhibiti mikutano ya watu weusi. Baada ya uhuru serikali yetu iliishika jinsi ilivyo. Kwa miaka zaidi ya thelathini ulihitaji leseni kufanya mkutano wa hadhara, na aliyekuwa na uwezo wa kukupa au kukunyima ni DC, yaani mkuu wa wilaya, mtu wa Rais. Wapinzani walinyimwa, chama tawala hakikuwahi kuulizwa.

Ilibadilishwa 1997, na nani aliibadilisha ni hadithi inayostahili kukaa vichwani. Tarehe 7 Julai mwaka huo wananchi waliandamana kudai marekebisho ya sheria kabla ya uchaguzi. Polisi waliwafuata hadi ndani ya kanisa kuu la All Saints, Nairobi, wakawapiga waliokimbilia humo. Mchungaji Timothy Njoya alipigwa hadharani. Miezi michache baadaye wabunge wa pande zote waliketi pamoja katika kundi la mazungumzo lililojulikana kama IPPG, na leseni ikawa ilani. Kwa hiyo siku unapopeleka karatasi yako kwa OCS, unatumia kitu kilichonunuliwa kwa maandamano.

Maandamano yamewahi kuleta nini nchi hii zaidi ya moshi?

Tuanze mbali. Machi 1922 Harry Thuku alikamatwa kwa kupinga kipande, kitambulisho ambacho Waafrika walilazimishwa kubeba, na kodi za wakoloni. Watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi cha Nairobi kudai aachiliwe. Wanaume walipokaribia kukata tamaa, Mary Muthoni Nyanjiru alisimama mbele yao akawasuta, na wanawake wakasonga mbele. Risasi zilifyatuliwa tarehe 16. Serikali ilihesabu maiti 21, na Nyanjiru alikuwa miongoni mwao. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na kura. Barabara ndiyo iliyokuwa bunge lao.

Ruka hadi 1989. Serikali ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai alianza kuandika barua, akatukanwa bungeni, akafukuzwa ofisini, lakini jumba halikujengwa. Ukipita pale leo, ile nyasi unayokanyaga ni hoja iliyoshinda.

Halafu Saba Saba. Tangu 1982 kifungu 2A cha Katiba ya zamani kilikuwa kimeifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja. Kenneth Matiba na Charles Rubia waliitisha mkutano Kamukunji tarehe 7 Julai 1990. Walikamatwa siku tatu kabla. Watu walikwenda hata hivyo, na damu ikamwagika. Desemba 1991 kifungu 2A kilifutwa. Nikisikia kiongozi aliyechaguliwa kwa tiketi ya chama chochote akisema maandamano ni adui wa demokrasia, huwa nataka kumuuliza kama anajua kura iliyompeleka huko ilitoka wapi.

Na kuna akina mama wa 1992. Hawa ndio ninaowafikiria zaidi. Mwisho wa Februari walikwenda kwa Mwanasheria Mkuu kudai wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa, kisha wakaketi Uhuru Park kwenye kona iliyoitwa baadaye Kona ya Uhuru, wakagoma kula. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia. Baadhi ya akina mama walivua nguo mbele ya askari. Katika mila zetu nyingi hiyo ni laana ambayo mwana haisubiri imfikie. Walihamia kwenye orofa ya chini ya All Saints, wakakaa humo karibu mwaka mzima, wakilala sakafuni, mpaka karibu wafungwa wote wakaachiliwa. Hawakuwa na chama wala pesa, na wengi wao hawakuwa vijana.

Si kila mara yamezaa matunda. Vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100 na kuwahamisha mamia ya maelfu. Sitaki mtu yeyote aziweke katika fungu moja na akina mama wa Uhuru Park. Zilianza kwa hasira juu ya kura, lakini kwa siku chache tu jirani alikuwa anamwinda jirani kwa sababu ya jina lake. Ni kutoka kwenye majivu hayo ndipo tulipopata Katiba ya 2010, iliyopitishwa na takriban asilimia 67 ya wapiga kura.

Serikali inasema kuna njia rasmi: ushirikishwaji wa umma, malalamiko Bungeni, mahakama. Mbona msizitumie?

Tunazitumia, na wewe pia uzitumie. Ibara ya 118 inalilazimisha Bunge kuwashirikisha wananchi, na ya 119 inampa kila mtu haki ya kuwasilisha malalamiko Bungeni.

Lakini nenda ujionee kikao chenyewe. Niliketi katika kimoja, viti vya plastiki, maji ya chupa mbele kwa wageni rasmi. Mswada ulikuwa kitabu kinene cha Kiingereza, nakala tatu kwa ukumbi mzima. Mama mmoja anayeuza mboga alinyoosha mkono akauliza karatasi ya Kiswahili iko wapi. Akaambiwa maoni yake yamepokelewa. Ibara ya 7 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi, lakini sheria inayomtoza mama huyo imeandikwa kwa lugha anayoisikia kwenye televisheni tu.

Mwaka 2024 vijana ndio walioifanya kazi hiyo. Waliuvunjavunja Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu kwenye TikTok na X, kwa Kiswahili, Sheng, Kikuyu, Dholuo, Kikalenjin na lugha nyingine. Bibi yangu mwenyewe alinipigia kuniuliza kuhusu ushuru wa mazingira na bei ya sodo za wasichana. Sijawahi kuona ushirikishwaji wa umma uliofika mbali hivyo.

Kuhusu mahakama: Julai 2024 Mahakama ya Rufaa iliifuta Sheria ya Fedha ya 2023, moja ya sababu ikiwa kasoro katika kuwashirikisha wananchi. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikaurudisha uhai wake. Unaweza kutokubaliana na uamuzi huo, mimi sikubaliani nao, lakini hivyo ndivyo mlango wa mahakama ulivyo: unaingia ukijua unaweza kushindwa. Njia zote hizi ni moja. Barua, kesi, kikao na barabara husaidiana, na serikali inayofunga tatu za kwanza isishangae ikiwakuta watu wote kwenye ya nne.

Juni 2024: je, tulishinda?

Nitalijibu polepole.

Mswada ulitaka kukusanya takriban shilingi bilioni 346 zaidi. Mkate, mafuta ya kupikia, huduma za pesa kwa simu, kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Tarehe 18 Juni vijana waliingia mjini Nairobi, na siku hiyohiyo kamati ya Bunge ikatangaza kwamba VAT ya mkate na kodi ya magari zimeondolewa. Watu hawakurudi nyumbani. Tarehe 20 wabunge 204 waliunga mkono mswada usonge, 115 wakapinga. Tarehe 25, kura ya mwisho: 195 ndiyo, 106 hapana. Waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge, sehemu ikachomwa moto, na nje watu wakapigwa risasi. Jioni jeshi likaitwa. Kesho yake Rais akakataa kutia sahihi. Tarehe 11 Julai akavunja Baraza la Mawaziri, akambakiza Musalia Mudavadi, Mkuu wa Mawaziri.

Ukiishia hapo, ni ushindi mkubwa. Usiishie hapo.

Kabla ya mwisho wa Julai viongozi wa ODM, kilichokuwa chama kikubwa cha upinzani, waliteuliwa mawaziri, na serikali ikaitwa jumuishi. Upinzani Bungeni ukapungua meno, na waliokuwa barabarani hawakupata kiti hata kimoja, wala hawakukiomba. Desemba baadhi ya mapendekezo ya kodi yalirudi katika sheria nyingine za ushuru, Rais akazitia sahihi, na mji ulikuwa kimya. Wakosoaji wa serikali walianza kuchukuliwa na watu wasio na sare, ndani ya magari yasiyo na nambari za kweli. Kufikia mwisho wa Desemba Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilikuwa imehesabu visa 82 tangu Juni. Na tume hiyohiyo ilihesabu waliouawa katika maandamano ya mwaka huo kuwa 60.

Kwa hiyo tulizuia mswada, hatukubadilisha jinsi miswada inavyotungwa. Tulithibitisha kwamba Rais anaweza kulazimika kusikia, hatukujenga mahali ambapo atasikia bila kulazimishwa. Harakati za 1997 zilipata mabadiliko ya sheria. Maandamano ya Jumatatu dhidi ya tume ya uchaguzi mwaka 2016 yalifika kwenye kamati ya pamoja ya Bunge, na makamishna wakaondoka kabla ya uchaguzi wa 2017. Sisi tulikuwa na umati mkubwa kuliko wote hao. Hatukuwa na kifungu kilichoandikwa tayari, cha kuweka mezani Julai 12 na kusema: pitisheni hiki.

Hilo linaniuma, na nalisema kila ninapopata nafasi, kwa sababu litatokea tena.

Si kwa sababu mlikataa kuwa na kiongozi?

Kwa sehemu. "Bila kiongozi, bila kabila, bila chama" lilikuwa jibu la watoto waliokua wakiona kila harakati ikiishia Ikulu, kiongozi akipeana mkono na aliyekuwa akimpinga juzi. Kiongozi akiwa mmoja, ananunuliwa usiku mmoja. Wakiwa laki moja, hakuna duka la kutosha. Mpango wa Rais wa kongamano la watu 150 vijana waliukataa, nami nawaelewa.

Lakini kuna tofauti kati ya mfalme na mjumbe. Mjumbe unampa karatasi moja, muda mfupi, na hana ruhusa ya kubadilisha hata nukta. Chama cha Mawakili, LSK, chini ya Faith Odhiambo, kilionyesha jinsi inavyowezekana: mawakili walitawanyika vituoni usiku, wakatafuta majina, wakafungua kesi, na hawakudai kuwa wasemaji wa mtu yeyote.

Na waporaji je? Duka langu lilivunjwa.

Pole sana. Sitakuambia ni gharama ya uhuru wako, kwa sababu hakuna aliyekuuliza kama uko tayari kuilipa. Aliyebeba simu zako dirishani ni mwizi, na aliyefanya hivyo akiwa amejifunga bendera ni mwizi pia.

Nikuombe utazame kitu kimoja zaidi. Tarehe 17 Juni 2025 Nairobi ilijaa vijana wenye rungu na mijeledi, wengine wakibebwa kwa pikipiki, wakiwapiga waandamanaji mchana kweupe karibu na polisi. Siku hiyo mchuuzi wa barakoa, asiye mwandamanaji, akiwa ameshika bidhaa zake mkononi, alipigwa risasi kichwani na askari kwa karibu, kamera zikitazama. Alifariki siku kadhaa baadaye. Wahuni wa kukodiwa wanapoachwa, mfanyabiashara hupoteza mara mbili: mali yake, na polisi wake.

Kuhusu Bunge kuchomwa: nilisikitika. Jengo lile ni letu, na picha ya moto ilitumiwa kwa miezi kufunika picha ya miili.

Polisi wanaruhusiwa kutumia risasi dhidi ya waandamanaji?

Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011, Jedwali la Sita, inataka njia zisizo za nguvu zitumike kwanza. Bunduki ni ya mwisho kabisa, hasa kuokoa maisha ya askari au ya mtu mwingine aliye hatarini. Kurusha mawe dirishani hakumfanyi mtu astahili kufa. Kifo au jeraha baya mikononi mwa polisi lazima liripotiwe kwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi. Ripoti hata kama huna imani nayo. Faili isiyofunguliwa haiwezi kufufuliwa na serikali ijayo.

Mimi ni mzazi. Nimzuie mwanangu?

Sina jibu la kukupa ambalo ningeweza kulitazama usoni likienda vibaya. Nimekaa kwenye matanga ya vijana wawili. Ninachoomba ni mzungumze kabla, siku yenyewe, juu ya nani ataenda naye, njia ipi atatokea, na saa ngapi atapiga simu. Kijana anayeaga huwa na mtu wa kumtafuta. Anayetoroka hana.

Niko Tanzania. Haya yananihusu?

Sana, na historia yenu ina mlango uleule. Mwaka 1993 Mchungaji Christopher Mtikila alikwenda Mahakama Kuu Dodoma, na Jaji Lugakingira akasema sharti la kibali cha mikutano linakiuka Katiba. Ndipo ilipokuja taarifa ya saa 48 kwa polisi badala ya kibali. Kisha mikutano ya kisiasa ikazuiwa kwa amri mwaka 2016, ikaruhusiwa tena Januari 2023. Januari 2024 CHADEMA, chama cha upinzani, waliandamana Dar es Salaam, polisi wakiwasindikiza, na jiji halikuanguka. Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, watu waliingia barabarani wakakutana na risasi, intaneti ikazimwa, Dar ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Nchi ileile, polisi walewale, tofauti ya miezi 21. Kilichobadilika ni amri iliyotoka juu.

Nikikamatwa, nifanye nini?

Tulia, usikimbie ukiwa tayari umeshikwa. Ibara ya 49 inakupa haki ya kuambiwa sababu kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, na kuzungumza na wakili. Taja jina lako kwa sauti kubwa unapoingizwa garini, na mtaa wako, ili aliye karibu alisikie na kulibeba. Walio nje waulize ni kituo gani, waende huko, waombe uandikwe kwenye kitabu cha matukio na wapewe nambari ya OB. Mtu asiyeandikwa ni rahisi kupotezwa.

Ni lazima ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya kazi ya mahakama ikiwa muda huo utaishia usiku au wikendi. Una haki ya dhamana isipokuwa pawe na sababu nzito. Usitie sahihi taarifa yoyote kabla wakili hajafika, hata ukiambiwa ndiyo njia ya kwenda nyumbani haraka.

Na uwe umeandika nambari ya simu ya mtu mmoja unayemwamini kwenye mkono, kwa kalamu ya wino, chini ya mkono wa shati. Simu yako watakuwa wameichukua, na nambari za kichwani huwa zinatoweka hasa saa hiyo.